Chini ya Blanketi la Dominika

Wiki tatu Bertilla hakuwa amepata usingizi wa maana, na dada yake Dominika alikuwa na dawa ya hilo. Ndiyo maana asubuhi ile, manyunyu yakimpiga usoni, alipanda bodaboda kutoka Pito mpaka Katandala, mjini Sumbawanga.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Jamani, umekonda! Pita, ndiyo kwanza nimepiga deki. Maji yanachemka."

Sufuria ilikuwa imejaa mkaratusi, kivumbasi na mchaichai, kama mama yao alivyowafundisha. Mwenye mawazo hufunikwa blanketi, akavuta mvuke mpaka jasho limtoke, na huku akisema kinachomkaba. Uso hauonekani, basi hata haya haimshiki. Mama aliweka sharti moja tu: yanayosemwa chini ya blanketi humwagwa pamoja na maji ya sufuria nyuma ya nyumba, yakaishia ardhini. Miaka arobaini dada hawa wawili walisemezana mengi namna hiyo, na hakuna hata neno moja lililowahi kutoka nje.

Bertilla akaketi kwenye kigoda, akainamia sufuria. Dominika akamfunika, akachomeka pindo chini ya miguu yake taratibu, kama anayemlaza mtoto. Humo ndani kulikuwa na giza, joto na harufu ya utotoni. Mabega yakalegea. Kwa mara ya kwanza tangu amtoroshe binti yake Sharon, akafumba macho bila woga.

Herman, mume wa Sharon, alishamvunja binti mkono mara moja, na mara ya pili aliapa kwamba atammaliza. Bertilla alimficha mwanawe bila kumwambia mtu. Hakumwambia padri. Hakumwambia hata Dominika, kwa kuwa Dominika ndiye aliyewakutanisha vijana hao, akasimama kama msimamizi wa ndoa yao akiwa amevimba kwa fahari.

Mlango ukalia.

"Nani huyo?"

"Upepo tu. Wewe vuta."

Upepo Sumbawanga! Nani angeutilia shaka?

"Sema sasa, mdogo wangu, utue mzigo. Sharon yuko wapi, na mimi nimwombee?"

Mungu hahitaji kuelekezwa nyumba ndipo amlinde mtu, lakini hilo Bertilla hakuliwaza. Mvuke ulikuwa umemlegeza, na sauti ile ilikuwa ya dada yake.

"Yuko Kipili," akasema, machozi yakichanganyika na jasho. "Kwa Mama Rose, yule anayeanika dagaa jirani na bandari."

Akalia mpaka akatosheka. Alipofunuliwa alijisikia mwepesi, akatazama chini akitafuta kandambili zake. Sakafu iliyokuwa imepigwa deki ilikuwa na nyayo za matope, pana, za mwanaume. Zilitoka mlangoni, zikasimama kando ya kigoda chake, zikarudi. Nje pikipiki ikawashwa. Mlio ule aliujua, maana miaka miwili ulikuwa ukija uani kwake kumrudisha Sharon kwa nguvu.

"Dada, huyo ni Herman?"

Dominika alikuwa akikunja blanketi. "Alilia hapa mbele yangu, Bertilla. Mwanaume mzima! Ndoa ya kanisani haivunjwi kwa sababu ya kofi. Halafu na wewe ulihitaji kupumzika."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema kwamba kitakufunika kwanza usipate baridi. Kilichomuuma Bertilla kuliko vyote ni lile pindo lililochomekwa chini ya miguu yake kwa upole. Alitamani apige kelele, lakini muda wa kelele hakuwa nao. Akapiga simu, vidole vikiteleza kwa jasho.

"Sharon, toka hapo sasa hivi. Herman anakuja."

"Nani kamwambia?"

Angeweza kumtaja shangazi wa kusingiziwa, jirani, yeyote. Angeweza kumtaja Dominika, na isingekuwa uongo.

"Mimi," akasema. "Kwa mdomo wangu."

Upande wa pili ikasikika zipu ya begi ikivutwa.

"Natoka, mama," Sharon akasema. "Ila nikifika ninakokwenda, sitakwambia."

"Usiniambie, mwanangu."

Simu ikakatika. Dominika alikuwa amesimama karibu mno, blanketi kifuani.

"Kasema anakwenda wapi?"

Bertilla akamtazama. Kisha akavaa kandambili zake, akainua sufuria, akaenda kumwaga maji nyuma ya nyumba peke yake.