Mabafu Mawili ya Mwalimu Kagure

Muchiri alikuwa ameweka vigae Nyeri na viunga vyake kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo yote hakuna fundi aliyewahi kumnyima raha ila huyu Junaid wa Majengo. Mtu wa juzi tu! Miaka thelathini hajamaliza, na tayari watu wanamtafuta kutoka Murang'a.

Sasa wamekutana Tetu, kwa Mwalimu Kagure. Mama huyu alistaafu ualimu mkuu, akajenga nyumba ya wageni kule Kerugoya, vyumba kumi na vinane, kila chumba na bafu lake. Na mwalimu ni mwalimu, hawezi kutoa kazi bila mtihani. Aliwaita mafundi wote wawili nyumbani kwake, akampa kila mmoja bafu moja la kuweka vigae ukutani. Atakayemridhisha, Kerugoya yote ni yake.

Muchiri aliitaka Kerugoya kuliko alivyowahi kutaka kazi yoyote. Zaidi ya hapo, hakutaka iende kwa Junaid.

Alimaliza bafu lake kwa siku mbili. Kila kigae alikibandika matone matano ya gamu nyuma, manne kwenye pembe na moja katikati, kisha akakikandamiza ukutani, pimamaji ikakubali, akaendelea na kingine. Alijua kabisa kwamba kati ya matone hubaki hewa, na kwamba huku Tetu watu huoga na maji ya kutokota Julai nzima kwa sababu ya baridi, mvuke ukapenya humo mpaka vigae vikaachia. Lakini hiyo ni baada ya miaka mitatu, na kufikia hapo fundi ameshabadilisha namba ya simu.

Junaid naye siku ya kwanza hakuweka hata kigae kimoja. Alibomoa plasta iliyooza, akakwangua rangi ya zamani yote. Siku ya pili akapaka ukuta dawa ya kuzuia maji, kisha akakaa kungojea ikauke, na ukungu ulivyokuwa umeshuka mlimani, ikachukua siku nyingine nzima.

"Ati unangojea nini?" Muchiri alimuuliza mlangoni. "Unafikiri taili ni mahindi, itamea?"

"Niko na subira, mzee," Junaid akajibu, akacheka.

Ndipo akaanza. Akapaka gamu ukuta mzima, akaichana kwa mwiko wa meno, akapaka na mgongo wa kigae pia. Muchiri, aliyekuja kila siku ingawa bafu lake lilikuwa limekwisha, alisimama akitazama mkono ule unavyokwenda bila haraka, na roho ikamuuma. Ikamuuma zaidi saa nne, Mwalimu alipoleta chai. Muchiri alipata chai. Junaid alipata chai na viazi vitamu viwili.

Siku ya sita Mwalimu akasema, "Mzee Muchiri, wewe ndiye mkubwa wa kazi hapa. Hebu nigongee hii ukuta ya Junaid, uniambie ukweli."

Muchiri akaingia, akakunja kidole, akaanza kugonga. Kigae kilichoshika hujibu sauti fupi, nzito. Kilicho na hewa nyuma hulia kama debe. Akagonga safu ya chini, ya katikati, ya juu, akiomba kimoja tu kilie. Mungu ana upendeleo jamani, hakuna kilicholia.

"Hii," akasema, akaonyesha kimoja karibu na bomba. "Hii iko wazi ndani."

Junaid alitazama kigae, kisha akamtazama Muchiri, kwa utulivu tu. Nje gari la maziwa likapiga honi, na Mwalimu akatoka kupeleka mtungi wake. "Kitoeni tuone," akasema akienda.

Junaid akachukua nyundo na tindo. Kigae kilikataa. Kikatoka vipande vipande, na kila kipande kikatoka na plasta yake nyuma, gamu imejaa hadi ukingoni. Muchiri aliona. Junaid aliona kwamba ameona. Akavitia vipande vyote ndooni, akavifunika kwa gunia.

Mwalimu aliporudi, Junaid akamwambia, "Mzee alisema ukweli. Nilikosea hapo."

"Basi Kerugoya ni ya Mzee Muchiri," Mwalimu akasema. "Masikio ya zamani ni masikio."

Hapo ndipo Muchiri alipaswa kufurahi. Badala yake wivu ulimpanda. Ukuta wa huyu mtu ni mzuri kuliko wake, sawa. Viazi amepewa yeye, sawa. Sasa na utu pia amshinde? Amtupie kazi kama sadaka, halafu Muchiri atembee Kerugoya akijua? Hapana. Afadhali aikose kazi.

"Mwalimu, anadanganya huyu," akasema kwa hasira. "Taili ilikuwa imeshika. Mimi ndiye nilisema uongo. Zangu ndizo ziko wazi, nenda ugonge."

Mwalimu akaenda, akagonga, akarudi. Alimtazama Muchiri kama alivyotazama watoto wengi katika maisha yake. "Kerugoya ni ya Junaid," akasema.

Muchiri akakusanya vyombo vyake. Alikuwa amefika kwenye lango aliposikia hatua nyuma yake.

"Mzee," Junaid akasema, "bafu kumi na nane ni nyingi kwa mtu mmoja. Na hakuna mtu hapa anakata taili za kona kama wewe. Njoo tufanye pamoja. Jumatatu, saa mbili asubuhi?"

Muchiri hakugeuka. Alimchukia wakati ule kuliko siku zote sita zikijumlishwa.

"Saa moja," akasema. "Fundi gani anaanza kazi saa mbili?"