Ukurasa wa Tinker

Binti yangu Darcie alikuwa na miaka minane na hakujua kusoma. Alikuwa akitudanganya. Kitabu akisomewa mara mbili anakishika chote kichwani, kisha anafunua kurasa na kupitisha kidole kama kasisi. Tulimgundua siku kurasa mbili zilipogandamana kwa jamu. Alizifunua pamoja, akaendelea kusoma maneno yaliyofichika ndani.

Mimi niliacha shule na miaka kumi na minne. Njia hiyo naijua inakokwenda: inakwenda kwenye banda la kukata manyoya ya kondoo, na ukifika arobaini mgongo umekwisha. Kwa hiyo kila jioni nilimfokea. "Soma! Si hilo hapo mbele ya macho yako?" Analia, mama yake Lorelle analia, nami natoka nje kwa mbwa.

Huduma ya bure ya watoto kama yeye ilikuwa na foleni ya miezi kumi na minane. Shanthi, mtaalamu wa matamshi na kusoma, alikuwa mjini Griffith, saa moja na nusu kwa gari, kwa kulipa. Siku ya kwanza nilikaa pembeni nimekunja mikono, natafuta tunaibiwa wapi.

Akaweka vigae vitatu vya herufi mezani. Akatamka sauti moja, akangoja. Darcie akakosea. Shanthi hakusema kitu, akarudisha kigae, akangoja tena. Darcie alipopatia, akaviondoa vyote hapo hapo, mtoto bado anavitaka.

Nywele zilinisimama. Hivyo ndivyo ninavyofundisha mbwa. Mluzi mmoja, subira, na unaacha angali na hamu. Nimefundisha mbwa kumi na mmoja hivyo, na hata mmoja sijapata kumfokea.

"Inachukua muda gani?" nikauliza.

"Wiki arobaini. Na nyumbani dakika ishirini kila siku, bila makelele, baba Darcie."

Sijui nani alimwambia.

Pesa hatukuwa nazo. Tulikuwa na Tinker, mbwa wangu bora, aliyekimbia juu ya migongo ya kondoo mia nne bila kumgusa mmoja kwa jino. Kwenye mnada wa mbwa kila mmoja hupewa ukurasa wake katika kijitabu. Wa Tinker aliuandika Lorelle, maana mwandiko wangu ni aibu.

"We Col," Merv, jirani yangu, akanicheka pale uwanjani, "unauza mbwa mtoto ajue a, e, i? Si ungemfundisha mbwa kusoma, ikawa rahisi!"

"Angekushinda wewe," nikamwambia. Mnunuzi alimpakia Tinker garini. Sikutazama.

Wiki ya thelathini na moja, Jumapili asubuhi, nilikuwa nakaanga mayai. Ule ukurasa wa Tinker, niliouchana kwenye kijitabu, ulikuwa bado umebandikwa kwenye friji. Hakuna aliyewahi kumsomea Darcie. Nikasikia sauti nyuma yangu, ya polepole, kama mtu anavuka mto kwa mawe.

"Tin-ker. Miaka mi-tatu. Ha-umi. Anapanda mi-gongo ya kondoo."

Sikugeuka. Niliogopa nikigeuka sauti ile itaruka kama ndege. Mayai yakaungua nikayaacha yaungue. Nimeona mafuriko yakifunika tambarare hii mpaka upeo wa macho, na sijapata kushikwa na hofu ya namna ile, hofu nzuri, kama mtu aliyeingia kanisani kwa bahati mbaya.

"Anauzwa kwa sababu ya... ki-familia." Akagonga neno hilo kwa kidole. "Baba. Sababu ni mimi?"

"Ni wewe."

Akarudia ukurasa wote toka juu, safari hii hakusita popote. Kisha akauliza kama Tinker analala ndani huko aliko. Nikasema sijui.

Kumpima Darcie, dola mia tisa. Vipindi arobaini kwa mia na tisini, elfu saba na mia sita. Mafuta, elfu mbili na mia saba. Jumla elfu kumi na moja na mia mbili. Tinker alitoa elfu kumi na mbili. Mia nane zilizobaki zilikwenda kwenye matairi. Kondoo sasa nawaswaga kwa miguu yangu mwenyewe.