Mkono Uliojaa

Kengele ya kigango kilichopakana na nyumba yangu, huko Mapera, haikuwa kengele hasa. Ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa kwa mnyororo, na kwa miaka kumi na tisa aliyeigonga alikuwa Othmar. Mimi nililetwa Umatengo kutoka Kilwa kuwa bwana shamba wa kahawa, nikastaafu humo humo, nikawa imamu wa msikiti wetu wa safu mbili. Wala sioni haya kukiri kwamba adhana yangu ya adhuhuri niliipimia rimu ya Othmar. Aliigonga saa sita kamili. Wakristo wakasali Malaika wa Bwana, nami nikaenda kutia udhu.

Mwaka wa pili tangu wanunuzi binafsi wa kahawa waruhusiwe kupanda milima yetu, Othmar aliugua. Nyama ilimtoka kidogo kidogo, mpaka akawa mtu wa kitandani. Hata hivyo hakuiacha kazi yake. Kitanda kilisogezwa dirishani. Saa sita ikifika aliinua mkono, na mkewe Notburga, aliyekwisha kusimama penye rimu ng'ambo ya njia, akagonga. Wazee wa kigango walitaka kengele apewe mwingine. Padri akawajibu kwamba maadamu haichelewi, na ibaki kwake.

Nayo ikachelewa. Saa ya Othmar, aliyoletewa na mkwewe Raimundi kutoka Mbamba Bay katika bidhaa zile ngeni zilizofurika madukani miaka hiyo, ilikuwa na mkanda mpana wa mpira. Sasa ilimteleza hadi kwenye kiwiko, uso ukaangalia chini, naye hakuwa na nguvu ya kuigeuza. Ijumaa moja rimu ililia dakika saba baada ya wakati. Kesho yake akaniita.

"Maalimu," alisema, "umetahiri watoto wangapi hapa Mapera?"

"Sikuwahesabu."

"Basi leo utamtahiri huyu mweusi." Akaninyooshea saa.

Nilimshauri tuitundike dirishani. Akakunja uso. "Saa ya kutundikwa ni ya ofisi. Mpiga kengele huivaa."

Mkanda ule haukuwa na matundu. Ncha zake mbili zilipachikwa kwenye kifungo cha chuma, na ndani ya mpira mlikuwa na mistari myembamba: mtu hukata penye mstari, kidogo upande huu na kidogo upande ule, ili kifungo kikae katikati ya mkono. Nikatoa wembe. Notburga alikuwa mlangoni, ameshika bakuli la mchuzi wa usipa, dagaa wa ziwani.

"Maalimu, usikate," alisema.

"Kwa nini, Mama Vitalia?"

"Ukikata umesema hatanenepa tena."

Othmar akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Mwanamke huyu! Mimi nataka kuona saa, yeye anataka kuona tumbo."

"Nataka kukuona wewe," alisema Notburga, akaliweka bakuli chini kwa kishindo.

Niliwatazama wote wawili, na kila mmoja wao alikuwa na haki. Nikasema bismillahi, nikakata mistari miwili kila upande. Nilipomvika, bado kidole changu kilipita chini ya mkanda bila kugusa mpira.

"Nafasi hii inafaa," nilisema. "Mkono hupata joto, huongezeka. Iache ipumue."

"Inayumba. Kata tena."

"Baba Vitalia, mpira uliokatwa haurudi."

"Nani amekuomba urudi? Kata."

Nikakata tena, mstari mmoja mmoja. Saa ikatulia juu ya mfupa kana kwamba imezaliwa pale. Vile vipande sita vya mpira nilivikusanya mkekani, nikavifunga katika leso, kwa kuwa Notburga alikuwa akivitazama na sikuthubutu kuvitupa mbele yake.

Siku tisa rimu ililia kwa wakati. Wazee wa kigango wakanyamaza.

Siku ya kumi, asubuhi, Notburga alikuja kwangu akikimbia, kanga imemlegea, uso umemng'aa.

"Maalimu! Mkono umejaa! Saa haifungiki!"

"Umejaa?"

"Umejaa, na miguu pia imejaa! Nimekwambia mimi. Usipa ule, Maalimu! Lete vile vipande vyako."

Nikavichukua, ingawa nilijua hakuna gundi ya kuviunga. Njiani alimwambia kila tuliyepishana naye, na kila mmoja alimpa hongera.

Othmar alikuwa amelala chali, macho wazi. Mkono wake ulikuwa mnene kweli, ngozi imevutika na kumetameta kama ya mtoto aliyepakwa mafuta. Saa ilikuwa kifuani pake, kifungo kimeachama. Niliushika mkono ule kama anayeusalimu, nikaubonyeza kwa kidole gumba. Nilipokiondoa kidole, shimo lilibaki. Likabaki kama mashimo ya ngolo Wamatengo wanayochimba mashambani mlimani, ambayo mvua huyakuta na kuyaacha vile vile.

Othmar alilitazama shimo, kisha akanitazama mimi. Alikuwa amekwisha kujibonyeza mwenyewe kabla sijafika. Penye kiwiko niliona shimo jingine, halijajaa bado.

Ignatio, mganga wa zahanati, alikuwepo pembeni ya kitanda. Aliniamkia, "Shikamoo, Maalimu," akaendelea kufunga mkoba wake polepole, kama mtu asiye na cha kutoa humo. Alimtazama Notburga, akafumbua kinywa, akakifumba. Kisha akanitazama mimi, nami nikaelewa kwamba ananiachia neno hilo, kwa kuwa mimi ni mkubwa na ndiye niliyekata.

"Maalimu," Notburga aliuliza, "umejaa, sivyo?"

Nimesoma vitabu, nimehutubia Ijumaa zisizo na idadi, nami najua tofauti ya kujaa na kuvimba. Nilitafuta neno la kweli lisilomwua, nikalikosa; kwa la uongo nikamwogopa Mola wangu.

"Umejaa," nilisema.

Akapiga kigelegele. Othmar akafumba macho.

"Basi viunge vipande," alisema Notburga.

Nilifungua leso. Nilivipanga kwenye kiganja changu, vitatu na vitatu, nikavisukuma pamoja, navyo vikaachana. Nikavisukuma tena. Sijui nilifanya hivyo mara ngapi. Mwishowe Othmar akasema, kwa sauti ndogo:

"Acha, Maalimu. Sita inakaribia. Mama Vitalia, nenda kwenye rimu."

Akaenda, akiimba.

Othmar hakuweza kuishika saa. Vidole vyake havikukunjika. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikaishika mbele ya macho yake kwa mikono miwili, mkanda uliofupishwa ukining'inia huku na huku. Tuliitazama pamoja dakika nne zilizobaki.

"Mkono mzito," alinong'ona ilipobaki moja.

Nikaweka kiganja chini ya kiwiko chake. Mshale ulipofika juu, tuliuinua mkono. Rimu ikalia ng'ambo ya njia, kwa nguvu kuliko siku zote, na katikati ya mlio nilimsikia Notburga akicheka.

Adhana ya siku ile niliichelewesha. Vidole vyangu vilikuwa bado vimezama katika mkono wake, nami niliogopa kuviondoa.