Sanduku la Ukungu la Mwalimu Wilkista

Wilkista Nasimiyu, mwalimu wa fizikia kutoka Bungoma, alikuwa ametangaza kwa mdomo wake mwenyewe kwamba kwenye maonyesho ya kilimo ya Kitale, mwaka huo wa 2006, watu wangeona njia za chembe zenye chaji, vitu vidogo kuliko vumbi. Sanduku alikuwa nalo: tangi la kioo la kufugia samaki, kitambaa kilicholoweshwa spiriti juu, bamba jeusi la alumini chini. Kulipoza bamba hilo mpaka mvuke wa spiriti ugeuke ukungu ndiko kulikomtoa jasho. Barafu ya wauza samaki, hata ikitiwa chumvi, haikufua dafu.

Maonyesho yakiwa yamekaribia, alikwenda kwenye shamba la shemeji yake huko Moi's Bridge, akamkuta Waithaka, mtu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Waithaka alifungua mtungi ambamo mbegu za fahali hukaa ndani ya naitrojeni baridi kupindukia, na moshi mweupe ukamwagikia viatu vyake.

"Bwana Waithaka, nigawie kidogo tu."

"Mwalimu, unataka kupandisha nini?"

"Ukungu."

Waithaka alicheka mpaka ng'ombe akageuka kumtazama. Lakini alikubali.

Siku yenyewe, hema likiwa limezibwa kwa mablanketi, Wilkista alimimina naitrojeni chini ya bamba, akawasha tochi. Hapakuonekana kitu ila jalidi nyeupe.

"Ati sayansi? Si hiyo ni friji, bana!" jamaa mmoja akasema. Hema likaangua kicheko.

Wilkista aliinamia bamba. Baridi imezidi, akajiambia, spiriti inaganda. Akafuta bamba, akaliinua kwa vipande vya mbao lisiguse naitrojeni, akalowesha kitambaa upya. Akangoja. Manyunyu membamba yakaanza kushuka. Ghafla uzi mweupe ukajichora, ukayeyuka. Ukaja mwingine. Na mwingine, mfupi na mnene.

"Yesu wangu!" alisema Bilha, bibi kizee aliyebandika pua kwenye kioo. "Zinatoka wapi?"

"Nyingine mbali huko angani, kukhu," Wilkista alijibu, akimwita bibi kwa Kibukusu, "nyingine kwenye mawe. Zinapita paa, zinapita hata mwilini mwako sasa hivi."

"Kwangu? Bila hata kupiga hodi?"

Walicheka tena, na safari hii Wilkista alicheka kuliko wote. Foleni ilifika hadi kwenye banda la ng'ombe, na Waithaka, aliyekuwa amekuja na mtungi wake, akaenda kuongeza naitrojeni bila kuombwa.

Jioni mfanyabiashara wa Chwele aliuliza kama sanduku lingeweza kufika sokoni kwao.

"Litafika," Wilkista alijibu, kabla hajafikiria atalibebaje.