Vipimo vya Duara la Simioni

"Kutoka timba moja hadi jingine, hatua ngapi?" Ikram aliuliza, vidole vikisubiri juu ya kompyuta.

"Moja," Mseti akajibu.

Alikwisha kulijibu swali hilo mara nyingi: kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa maofisa wa madini, kwa dada yake Mokami siku ya msiba. Mwaka wa tatu sasa tangu duara, shimo la machimbo, limfukie Simioni, mume wa Mokami, na jibu lilikuwa limelainika mdomoni kama mpini wa shoka la zamani.

Mseti alikuwa fundi wa matimba, magogo yanayozuia mwamba usiwaangukie wachimbaji. Ikram alikuwa mtafiti wa chuo kikuu, binti wa fundi cherehani wa Mugumu. Wiki nzima alikuwa Kemambo akipima magogo hayo. Mseti mwenyewe ndiye aliyemwomba aliingize kwenye kompyuta na duara lile lililoanguka. Hakujua kwa nini. Alijua tu kwamba kila alipopiga shoka, alisikia mlio wa pili, ukitoka chini.

"Kompyuta inalikata duara vipande elfu arobaini," Ikram alieleza. "Kila kimoja kinaulizwa kimebeba uzito gani. Kilichoelemewa kinakuwa chekundu."

Duara likatokea kwenye kioo. Mseti alilitambua mara moja: kona ya kushoto, mwamba uliochomoza kama goti. Lote lilikuwa la buluu, shwari kama bwawa la Manchira asubuhi.

Ikram alikunja uso. "Mzee, kwa vipimo hivi halikupaswa kuanguka."

Nje karasha zilikuwa zinasaga mawe. Mseti aliikodolea macho buluu ile. Humo ndani Simioni alikuwa hai. Saa saba angepanda kamba, mweupe kwa vumbi, aulize ugali uko wapi.

Angeweza kunyamaza. Sasa hata kompyuta ilikuwa imemwamini.

"Weka mbili," alisema.

"Mbili?"

"Hatua mbili. Mvua ilikwamisha gari la magogo, nikabaki na nusu tu. Simioni aliniuliza, 'Mura, shemeji yangu, yatatosha?' Nikamwambia shuka."

Ikram alifuta ile moja. Aliandika. Wekundu ulianzia kwenye kona, pale pale walipomfukua, ukapanda polepole hadi juu, timba kwa timba. Mseti alitazama mpaka mwisho. Akashukuru, akatoka.

Alasiri alitembea hadi kwa Mokami. Alimkuta amepiga magoti, anaanika ulezi juu ya turubai.

"Kaka, karibu. Mbona umesimama?"

Alimweleza akiwa amesimama vilevile, kofia mkononi. Hakuruka kitu: mvua, magogo, swali la Simioni, lile neno shuka.

Mokami hakuinua macho. Mkono wake uliendelea kutandaza ulezi, taratibu, kuelekea pembeni, mpaka turubai likaisha, nao ukaendelea kutandaza juu ya udongo mtupu.