Madume Watupu

Nimelea nguruwe wa maabara miaka kumi na minne, kwa hiyo habari za nguruwe hanifundishi mtu. Tulipoanza kujaribu dawa ya kuzibua mishipa ya moyo, panya tuliwaacha kwa sababu mishipa yao haizibi kama yetu, hata uwalishe mafuta mpaka wang'ae. Nguruwe ndiye anayemkaribia binadamu. Hapo profesa wetu alichagua vizuri, sibishi.

Alipoharibu ni pale alipoagiza madume watupu.

"Na majike, profesa?" niliuliza kikaoni.

"Majike wana homoni zao, bibie. Leo hivi, kesho vile, takwimu zote zinavurugika." Kisha akaongeza, "Kwani mke wangu nyumbani hanitoshi?"

Wakacheka wote, wanawake kwa wanaume. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi ule, nikafyata ulimi. Nikaingia bandani, nikawashika watoto wa nguruwe mmoja mmoja na kuinua mkia: dume huku, jike kule. Madume wakaenda maabara, majike wakaenda kuchinjwa.

Dawa ikafaulu kwa nguruwe, kisha kwa wagonjwa wanaume. Profesa akapanda cheo.

Mwaka huu dada yangu mkubwa, aliyenilea mama alipofariki, alianza kulalamikia mgongo na taya. Kifua hakikumuuma hata kidogo. Zahanati wakampa dawa ya gesi, mara mbili. Gesi, jamani! Tulipomfikisha kwa daktari wa moyo, mishipa miwili ilikuwa imeziba, na upasuaji asingeuhimili.

"Kuna ile dawa mpya," nilimwambia daktari. "Naijua tangu ikiwa bandani."

Akatikisa kichwa. "Mwanamke siwezi kumwandikia. Haikujaribiwa kwa nguruwe jike wala mwanamke hata mmoja, na kipimo chake hatukijui. Naweza kumuua."

Dada akanigeukia, anahema. "Si kazini kwenu huko? Mbona majike hamkuwaweka?"

Ulimi uliniwasha nimtupie profesa lawama zote. Lakini huyu ndiye aliyenifundisha kusema kweli, tena kwa fimbo.

"Nilisema mara moja tu, dada. Wakacheka, nami nikacheka nao."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana, roho ingetulia. Alinyoosha mkono, akaniomba simu awaite wanawe waje.