Kamba ya Mama Mlango

Kufikia saa nne asubuhi Kapteni wa tamthilia alikuwa ameshaharibu picha mara nane. Kila alipokikaribia kitambaa cha kijani kilichotundikwa studioni alisimama, akainua kidevu, akangoja.

"Mzee, pita tu," mwongozaji alisema kwa sauti ya mtu aliyechoshwa. "Mlango uko wazi."

"Sijauona ukifunguka."

"Mlango wenyewe haupo. Utachorwa kwa kompyuta."

"Sasa haupo, au uko wazi? Shika moja, mwanangu."

Watu wa taa walicheka chini chini. Mwongozaji hakucheka. "Saa sita ikifika hajapita, kipindi kijacho chombo cha angani kinalipuka naye yumo. Nitatafuta kapteni kijana."

Mama Mlango aliyasikia hayo akiwa kwenye kigoda, anashona vifungo vya sare. Jina hilo alilipata enzi za kwanza za tamthilia, chombo cha angani kilipokuwa mbao zilizopakwa rangi ya fedha, naye nyuma ya ukuta akiufungua mlango kwa kamba. Baadaye ukaja mlango wa bati, lakini kamba ikabaki, na yeye akabaki nayo. Makapteni watatu aliwafungulia. Kisha ukuta ukaondolewa, mlango ukaondolewa, akapewa sindano.

Miguu ilimwaka moto. Alichotamani ni kwenda kujilaza tu. Lakini Kapteni alikuwa shemeji yake, na tangu dada mtu afariki, hakuna kingine ila tamthilia hii kilichomtoa mzee yule kitandani.

Akaifungua kamba iliyofunga furushi la sare kuukuu. Ilikuwa ile ile. Akaipitisha kwenye msumari wa ukuta wa studio, pale ambapo Kapteni angemwona.

"Shemeji, nafungua mimi. Ila leo nitawahi."

"Wewe uwahi? Haya, tuone maajabu."

Kapteni akaanza kutembea. Mikono ya Mama Mlango, kwa mazoea, ilitaka kuchelewa mpaka asimame. Aliizuia, akavuta zikiwa zimebaki hatua tatu. Kamba ilikuja nyepesi, haina kitu, nusura aanguke chali. Kapteni akapita bila kusimama.

"Hiyo," mwongozaji alisema, akashusha pumzi.

Watu walipotawanyika, mwongozaji alikuja kuchuchumaa kando ya kigoda.

"Shangazi, nilipokuwa mdogo naitazama tamthilia hii, nilikuwa nasimama kama Kapteni kwenye mlango wa jikoni. Kidevu juu. Mama ananifokea kwamba nimeziba njia. Nilidhani Kapteni anaipima hatari iliyoko nje. Kumbe alikuwa anawaza nini?"

"Hakuwa anawaza kitu. Mlango ulikuwa mzito, mwanangu. Alikuwa ananingoja mimi."

Mwongozaji akaitazama kamba miguuni pa Mama Mlango.

"Kesho kuna milango minne," alisema. "Uje nayo."

Mama Mlango akaizungusha kamba kiganjani na kwenye kiwiko, taratibu, akaiweka chini ya kigoda. Kisha akatafuta tundu la sindano.